Nguruwe Katika Kisima cha Bi Zabibu

Katika kitongoji kile cha Salale, kwenye delta ya mto, Wakristo walikuwa wawili tu, Fundi Magesa na mkewe Nyangeta. Tena walikuwa Wasabato, watu wasiokula nguruwe wala kaa wala kamba wa mikokoni, na wasiofanya kazi Jumamosi hata ije gharika. Hayo ya Jumamosi kila mtu aliyajua, maana injini za boti zilizoharibika Ijumaa jioni zilikaa zikisubiri mpaka Jumapili. Hayo ya nguruwe hakuna aliyeyajua, na kosa halikuwa la watu wa Salale. Kosa lilikuwa la Magesa mwenyewe, na nalisema mapema usije ukanigeuzia kibao mbele ya safari.

Ilikuwa hivi. Miaka minane nyuma, Magesa alipohamia kutoka Musoma na sanduku lake la spana, hakumaliza hata mwezi nguruwe mwitu wakavamia mpunga wa jirani yake, Bi Zabibu. Vijana wakamchoma mmoja mkuki. Kwa kawaida ya pale mzoga wa nguruwe hauguswi. Husukumwa kwa miti mpaka mtoni, na miti yenyewe ikatupwa. Lakini Bi Zabibu, mjane mwenye moyo wake, akakumbuka kwamba ana jirani Mkristo. Akaja mpaka kizingitini, upindo wa kanga puani, akasema, "Fundi, nimewakataza wasimtupe. Nimekukumbuka weye. Kitoweo chako kile pale."

Sasa fikiria. Mwanamke anayetaka kutapika akiona alama ya kwato kwenye tope, amesimama juani saa nzima kumlindia mgeni nyama ambayo mwenyewe hawezi hata kuitazama. Wewe ungemjibuje? Magesa aliutazama mzoga, akamtazama mjane. Akasema ahsante. Akamfunga nguruwe miguu kwa nailoni, akamburuta mpaka kwenye boti, akampeleka mbali kwenye kona ya mto, akawatupia mamba. Aliporudi alioga mpaka sabuni ikaisha.

Aliapa kwamba wa pili atamkataa. Wa pili akaletwa wiki aliyofiwa na baba yake, pamoja na pole, na mtu hakatai pole. Wa tatu akamkuta ameshachelewa kukataa. Mwisho ikawa ndiyo desturi: nguruwe akifa Fundi anaitwa, Fundi anashukuru, mamba wanakula. Na kwa kuwa mtu anayepewa nguruwe huwezi kumnyima vingine, wakaanza kuletewa kamba, na kaa, na kambare, samaki asiye na magamba, naye kwao ni mwiko. Nyangeta alivipokea mlango wa mbele kwa tabasamu na kuvigawa mlango wa nyuma kwa mabaharia wapita njia.

"Unawapenda, sawa," Nyangeta alikuwa akimwambia mumewe, "lakini wao hawakujui. Wanampenda mtu mwingine huko, anayekula nguruwe." Magesa alikuwa akijibu kwamba atawaambia, siku ikiwa nzuri. Miaka minane hiyo hakuona siku nzuri hata moja.

Basi mwaka huu mambo yakaiva. Wasabato wengine wanne wa delta, mwalimu, muuguzi na wachuuzi wawili, walikuwa wameanza kusali sebuleni kwa Magesa kila Jumamosi, na kanisa la Kibiti likataka kulitambua rasmi kundi lile na kuliwekea kiongozi. Magesa aliutaka uongozi ule, tusidanganyane. Baba yake aliongoza kundi kule Musoma maisha yake yote, na Magesa alikuwa akijiona amesimama mahali pale pale pa baba. Ila Kibiti walisema kwanza mzee wa kanisa aje aone anavyoishi, na aulize majirani wanamwonaje. Barua ilitaja Jumamosi, na Jumamosi hiyo ndiyo siku Bi Zabibu alipomwoza bintiye, Zuena.

Mzee Mrutu aliteremka kwenye boti Ijumaa jioni, Mpare mwembamba, mwalimu mstaafu, na koti la suti ambalo hakulivua hata alipotumbukia kwenye tope mpaka magotini. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Kabla ya kulala alishamsahihisha Magesa namna ya kukunja shuka.

Asubuhi, wale wanne wa delta wamekwamishwa na maji kupwa, watatu waliobaki ndiyo kwanza wamo kwenye wimbo wa pili, hodi ikapigwa, na mpiga hodi hakungoja karibu. Alikuwa Bi Zabibu, hina mikononi, macho yamemtoka. Nguruwe alikuwa ametumbukia kisimani kwake alfajiri, tena mzima, anahangaika humo humo.

Wasiowahi kuishi delta wanielewe. Pale visima vyote ni vya chumvi isipokuwa hicho kimoja cha Bi Zabibu. Wageni wa harusi kutoka Mbwera walikuwa wameshalala kwake, wengine hamsini wako njiani, mchele umeshachaguliwa, na maji ya pilau hayakutekwa jana, ili yatekwe mapya asubuhi. Kwenda kuyatafuta kwingine haiwezekani, maana maji yamekupwa na boti zote zimekaa juu ya tope mpaka alasiri. Maalim Twalha, mwalimu wa madrasa, alikuwa ameshatoa hukumu yake: nguruwe akitolewa mzima, kisima kikaushwe, kikijaa tena watu wapike. Akifia humo, au akichomwa mkuki damu ikamwagika, basi hapo pamekwisha, na Zuena ataolewa kwa biskuti.

"Na wa kumtoa," Bi Zabibu alimaliza, "nani tena zaidi yako, Fundi? Sisi hatumgusi."

Magesa akamtazama Mzee Mrutu. Mzee Mrutu akafunga kitabu cha nyimbo, kidole kikabaki ndani. Akasema lile neno la Injili la ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato analijua, na halina ubishi, ng'ombe aopolewe. Lakini ng'ombe ni ng'ombe. Nguruwe hakutajwa.

"Jirani ametajwa," alisema Nyangeta, akajifunga kanga kiunoni.

Magesa alivua shati jeupe na tai, akabaki na fulana na suruali ya Sabato. Nyuma yake, polepole, akiwa bado na koti, alikuja Mzee Mrutu. Alidai anakwenda kushuhudia tu.

Kisima kilikuwa na kina cha watu wawili, na chini kabisa nguruwe alikuwa anazunguka akikoroma, maji yakimfika mabegani. Pembeni walijaa waoaji, wapishi na wageni wa Mbwera wenye kanzu zilizopigwa pasi, wote hatua ishirini nyuma. Mvuvi mmoja, Mfaume, alitoa wavu wake wa zamani, akautupa kwa mbali, akasema asirudishiwe. Magesa akafungwa amari, ile kamba nene ya nanga, kiunoni, akashushwa.

Kilichotokea mle ndani sikusimulii chote, kwa heshima ya mtu mzima. Ujue tu kwamba nguruwe alikuwa haamini kwamba amekuja kuokolewa. Alimbana Magesa ukutani mara mbili, akamchana suruali kuanzia paja mpaka kifundo, na mtu ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kupandisha sauti siku ya Sabato alisikika hadi msikitini. Mwisho wavu ulipita chini ya tumbo, amari ikafungwa juu, Magesa akapanda kwa kukanyaga kingo, na kazi ikawa kuvuta.

Nyangeta na Magesa walivuta, nguruwe hakusogea. Mzee Mrutu alitazama kushoto, akatazama kulia, akashika amari. Watatu wakavuta, akapanda shubiri mbili, akarudi. Hapo Mfaume akauliza swali la maana: amari ndefu ile, mwisho wake huku mbali ni mkavu, je, nao ni najisi? Maalim Twalha akafikiri. Kikavu kwa kikavu, alisema, najisi haihami. Alikuwa hajamaliza sentensi bwana harusi ameshakunja mikono ya kanzu.

Basi wakajipanga. Mbele, penye amari iliyolowa, Wasabato watatu. Nyuma, penye ukavu, wanaume thelathini wa kanzu na kofia, wanarudi kinyumenyume kama wanavyovuta boti nchi kavu, na Maalim pembeni akipiga kelele kila mtu abaki na kipande chake, asiteleze kwenda kwenye majimaji. Wakarudi wakapita uwanjani, wakarudi wakaingia ndani ya turubai la harusi, wa mwisho akakalia sinia la kashata. Na nguruwe akapanda.

Alipofika juu hakushukuru. Wavu wa Mfaume ulikuwa wa zamani kweli. Ulipasuka, nguruwe akachomoka, na wa kwanza aliyekutana naye ni Mzee Mrutu. Alimpitia katikati ya miguu, akambeba hatua tatu nne akiwa amekalia mgongo wake na koti lake, akammwaga kwenye tope, akakata kona, akapotelea mikokoni.

Watu walishangilia, halafu huruma ikawaingia. Mfaume akasogea, akasimama umbali unaofaa, akasema kwa sauti ya msibani, "Pole sana, Fundi. Kitoweo chako kimekimbia." Kisha akamgeukia Mzee Mrutu, ambaye bado alikuwa amekaa kwenye tope anatafuta miwani, akamweleza kwa fahari kwamba asione hivi, mwezi uliopita Fundi alipata wawili. Miaka minane habakishi hata kwato. Yeye na mkewe nguruwe ndiyo nguvu zao.

Mzee Mrutu alivaa miwani taratibu, ina tope, akamtazama Magesa. Bi Zabibu naye alikuwa anamtazama Magesa, uso umejaa majuto, maana alimwona mtu aliyejichania suruali kwa ajili yake na sasa atalala bila nyama. Akaita vijana. Akawaambia wachukue mikuki na mbwa wamfuate nguruwe yule mpaka apatikane, harusi itasubiri, Fundi hawezi kuondoka mikono mitupu.

Hapo ndipo Magesa alipobanwa kuliko mle kisimani. Angeweza kunyamaza, kisha amweleze Mzee Mrutu pembeni. Mzee angeelewa, uongozi ungepatikana, na Bi Zabibu asingejua lolote. Ndivyo alivyozoea kuishi, huku neno moja, kule neno lingine, na katikati kuna maji mengi. Lakini vijana walikuwa wanafunga mbwa, bwana harusi kati yao, wanakwenda kumfuata mikokoni nguruwe mwenye hasira, kwa ajili ya kitoweo cha mamba. Magesa aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

"Msiende," alisema. "Mimi sili nguruwe."

Mfaume alidhani hajasikia vizuri. Akauliza kama ni huyu tu asiyemla, au wote.

"Simli yeyote. Sijawahi. Dini yangu imekataza kama yenu."

"Na wale wote?"

"Nimewapa mamba. Pale kwenye kona."

Mfaume akageuka polepole kuutazama mto. Alikuwa amehamisha bandari yake miaka mitatu iliyopita kwa sababu mamba wa kona ile walizidi, na serikali ya kijiji ilishakaa vikao viwili kutafuta chanzo. Akauliza habari za kamba wa mikokoni. Magesa akasema nao hawali. Kaa? Hawali. Kambare? Magesa akatikisa kichwa.

"Sasa Fundi," Mfaume aliuliza, na aliuliza kwa huruma kabisa, "mtu kama wewe Salale unaishije?"

Watu wakaangua kicheko, wapishi wakashikana mabega. Bi Zabibu hakucheka.

"Miaka minane," alisema. "Mie nilikuwa najivuna kwa watu. Nasema, jirani yangu Mkristo namtunza, hata kile nisichokiweza namtunzia. Kumbe nakuletea adha mlangoni, na weye unanambia ahsante."

"Ahsante ilikuwa ya kweli, mama," alisema Magesa. "Nyama ndiyo nilishindwa. Niliogopa nikiikataa, utaona nimekukataa wewe."

Bi Zabibu aligeuka. Alijifunika upindo, akaingia ndani. Magesa aliona ndiyo basi, amempoteza jirani na huenda na uongozi, kwa siku moja, tena siku ya Sabato. Ilimuuma sana, na kilichomuuma zaidi ni jirani, uongozi aliuwaza baadaye. Hakuwa na la kufanya isipokuwa kumaliza kazi. Akaenda nyumbani, akaleta pampu yake, akaiwasha, na Mzee Mrutu aliyesema anashuhudia tu akawa anashika mpira. Walikikausha kisima mpaka kwenye mchanga, wakasugua kingo, wakangoja. Maji yakaanza kutoka tena chini, kidogo kidogo, meupe.

Wapishi walishapanga masufuria foleni. Jua lilikuwa limepita utosini, bado hakuna hata sufuria moja lililoinjikwa, na wageni hamsini wa pili walikuwa wanasikika mtoni wakiwasukuma wenzao watoke topeni. Wakristo watatu walikuwa wamekaa peke yao nyuma ya banda la kuku, wananuka. Hakuna aliyewafukuza, ila hakuna aliyewasogelea. Magesa alikuwa anamwambia mkewe waondoke kimya kimya.

Ndoo ya kwanza ya maji masafi ilipotoka, Bi Zabibu alijitokeza akaichukua mwenyewe. Masufuria yakafunuliwa. Akayapita. Akalipita la wali, la nyama na la chai, akaja moja kwa moja mpaka nyuma ya banda la kuku, na kwenye kanga alikuwa amefunga udongo mkavu.

"Simama," alimwambia Magesa. "Mara saba, moja kwa udongo, ndivyo najisi ya nguruwe inavyotoka."

Mpishi mkuu alilalamika kutoka mbali kwamba maji yenyewe hayatoshi, na Maalim Twalha kwa haki kabisa akaeleza kwamba Fundi si Muislamu, sheria ile haimlazimu, anaweza kwenda kuoga kwake kwa maji ya chumvi.

"Haimlazimu yeye," alisema Bi Zabibu. "Inanilazimu mie. Nataka aingie ndani kwangu akae mkekani na wageni wangu. Pilau itangoja."

Akammwagia. Magesa alisimama na suruali yake iliyochanika, udongo unamtiririka usoni, na alilia wazi wazi mbele ya kitongoji kizima, hakujificha. Maalim alihesabu kwa sauti. Ndoo baada ya ndoo, maji matamu ya pekee Salale yalimwagika ardhini kwa ajili ya mtu mmoja. Ya saba ilipokwisha, Bi Zabibu alimshika mkono hadharani, akamkabidhi taulo, akamwambia akirudia tena kumfichia jambo atamtupa yeye kwa mamba.

Akafuata Nyangeta, uani, mikononi mwa wanawake. Kisha zamu ikawa ya Mzee Mrutu. Alivua koti kwa mara ya kwanza tangu atoke Kibiti, na kwenye mfuko wa ndani ikatoka barua ya Kibiti ya kulitambua kundi, imelowa imekuwa uji. Magesa aliiona. Hakutaka kuuliza, lakini mdomo ukauliza, kama itaandikwa nyingine, na itasema nini.

"Nilitumwa kuwauliza majirani wanakuonaje," alisema Mzee Mrutu, macho yamefumbwa chini ya ndoo ya tatu. "Nitaandika kwamba walituogesha, kisha wakatuingiza ndani. Kibiti wakitaka maelezo zaidi waje wenyewe."

Akamwagiwa ya nne na ya tano. Kwenye ya sita alionekana ana jambo linamsumbua, anafungua mdomo anaufunga. Ya saba ilipomshuka, akapangusa uso, akakohoa kama mwalimu mbele ya darasa.

"Mama," alimwambia Bi Zabibu, "nisije nikaanza kukuficha na mimi. Kamba sili."

Bi Zabibu aliweka ndoo chini, akacheka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akacheka mpaka akashika nguzo ya banda. Kisha akapaza sauti kwa wapishi, wakamate kuku mwingine.